Naomba ushauri: nani atamfundisha binti kumhudumia bibi?

Wakuu, habari za jioni. Bibi yetu yuko Kibosho, Moshi, ana miaka 84, kiharusi kimemlegeza upande wote wa kushoto. Tumempata binti wa kumhudumia, mpole sana, ila hajawahi kufundishwa. Juzi nimemkuta akimlisha mtori huku bibi amelala chali! Akapaliwa, macho yakamtoka. Kumgeuza kila baada ya saa 2 anajua. Nesi alituelekeza siku ya kuruhusiwa, dakika tano tu, tukaondoka. Lakini usiku binti analala (simlaumu), na ngozi ya kiunoni imeanza kuwa nyekundu.

Je, huko Moshi kuna nesi mstaafu anayekuja nyumbani kufundisha, hata wiki moja? Mnamlipa kwa siku? Mimi niko Arusha, huja Jumamosi. Kuhamia mjini bibi hataki, haiachi migomba yake.