Kamati mmefukia kiwanja chetu cha mbio za honda (pikipiki) kwa udongo mbichi katikati ya masika, na Jumamosi mnataka vijana waruke!

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Nimenyamaza wiki nzima nikiambiwa "subiri kamati ikae". Kamati ilikaa juzi usiku, na kilichotoka ni tangazo la mistari mitatu: matengenezo yamekamilika, mazoezi yanarudi Jumamosi, kila mtu aje na kofia yake. Mdogo wangu aliyevunjika mtulinga hakutajwa hata kwa neno la pole. Basi na mie leo nasema, na atakayekasirika na akasirike.

Kwa msiokijua, kiwanja chenyewe ni chimbo kongwe la mawe huku shamba, Unguja. Lilikuwa limeota magugu, watu wanatupa taka. Sie wapanda honda ndio tuliolisafisha kwa mapanga na majembe, tukachonga njia, tukainua vilima vya kurukia, tukapanga matairi makuukuu kwenye kona. Hapana mfadhili aliyetia mkono. Kila mwanachama anatoa shilingi 15,000 kwa mwezi, na wengi wetu ni bodaboda, kwa hiyo ni pesa inayotoka kwenye posho ya nyumbani. Nayo tuliichanga kwa kazi moja tu, kukitengeneza kiwanja kila mwaka msimu ukimalizika.

Kikao cha Disemba sote tulikubaliana, na daftari lipo: kazi ifanywe Januari na Februari, kaskazi inapovuma na ardhi kavu. Januari ikapita hivi hivi. Februari tukaambiwa greda halijapatikana. Machi anasubiriwa mkandarasi. Wiki ya pili ya Aprili, mwezi ambao hata mtoto wa skuli hapa Unguja anajua kuwa ndio mvua inapomwagika kuliko miezi yote, mabonde ya mjini yamejaa maji na watu wanavuka viatu mkononi, ndipo tipa la kwanza likaingia kiwanjani limejaa udongo wa kinamo kutoka bonde la mpunga.

Kinamo chenyewe sikikatai. Kilima cha kurukia hukijengi kwa kichanga, kitaporomoka siku ya pili. Kinataka udongo unaoshikana. Lakini aliyewahi kulima mpunga anakijua kinamo: kikavu kinapasuka nyufa unapitisha kiganja, na kikinywa maji kinakushika mguu mpaka kiatu unakiacha humo. Huo ndio udongo mliouleta ukiwa unachuruzika, mkaumwaga mvua inanyesha, mkapitisha rola juu yake.

Nilikuwepo. Mie ni fundi wa honda, lakini nimefanya kazi za barabara miaka minne kabla ya kufungua karakana, na jambo la kwanza tulilofunzwa ni hili: udongo unashindiliwa ukiwa na unyevu wa kiasi. Mkavu sana haushikani. Uliolowa chapachapa haushindiliki kabisa, kwa sababu kila nafasi kati ya chembe na chembe imeshakaliwa na maji, na maji hayabanwi. Rola likipita, udongo unatitia huku unanyanyuka kule, kama godoro. Na kuupima hakutaki mashine. Unachukua konzi moja, unaufumbata, unafungua mkono. Ukibaki donge, na ukiligusa kwa kidole linakatika vipande viwili, uko tayari. Ukichuruzika kati ya vidole, uache mpaka ukauke.

Nilichuchumaa mbele ya msimamizi wa kazi nikafumbata konzi. Maji ya tope yakashuka mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Ami, huu haushindiliki leo." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, naona kama unavyoona. Lakini nimeambiwa nimalize kabla ya mwisho wa mwezi, na rola nalilipia kwa siku." Yule mzee simlaumu. Ametumwa. Nawalaumu waliomtuma, na waliokuwa wamekaa garini vioo vimefungwa wakati sie tunalowa.

Na hilo la kushindilia ni dogo mbele ya hili jengine, ambalo naomba mlisome taratibu kwa sababu nikilisema kikaoni naambiwa najifanya najua.

Chimbo lile ni beseni. Maji yanaingia kutoka pande zote na hayana pa kutokea. Sasa mbona miaka yote hatukuwa na ziwa mle ndani? Kwa sababu chini ni jiwe la matumbawe, lina nyufa na matundu, na maji yalikuwa yanazama yenyewe. Mvua ikikatika asubuhi, baada ya sala ya alasiri tunawasha honda. Ile ilikuwa neema tuliyoikuta, hatukuilipia hata shilingi. Nyie mmechukua kinamo, udongo ambao wakulima wanautafuta kwa sababu unazuia maji, mkautandaza juu ya jiwe lile sakafu nzima. Mmeziba kila tundu. Kwa pesa zetu mmetengeneza bonde la mpunga. Kona ya chini, ile ya mwembe, ina maji ya magotini tangu siku hiyo, na vyura wameshazaa.

Mtaro hamkuchimba hata mmoja. Njia haikupewa mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni. Hiyo ni kazi ya kwanza kabisa, kabla ya greda na kabla ya kifusi. Maji yakishapata njia yake, hata udongo duni utakaa.

Sasa niwaambie yaliyomkuta mdogo wangu, kwa sababu naona watu wanasambaza kuwa "alikuwa anaenda kasi". Ni mtoto wa mama mdogo, nimemlea mie tangu ana miaka kumi. Jumamosi iliyopita kamati iliita vijana watano waje kujaribu njia. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, jua limewaka, na juu ya kilima cha pili na pale panapotuliwa palikuwa pamekauka, pameshika rangi ya majivu. Ukitazama unasema pagumu. Mie mwenyewe niliyepiga kelele zote hizo nilipakanyaga kwa kisigino nikaona panabeba. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na linaniuma.

Aliruka vizuri. Gurudumu la mbele lilipogusa chini, lile gamba la juu likapasuka kama ukoko, chini yake uji. Gurudumu likazama mpaka kwenye kitovu, honda ikasimama pale pale, yeye akapita juu ya usukani. Niliusikia mtulinga ukivunjika, na nilikuwa mbali. Mpaka leo amefungwa mkono, analala amekaa, hawezi kuvaa shati bila ya mama yake.

Tuliporudi kuitoa honda nilikuta shina zima la mpunga, na mizizi yake, limejisokota kwenye spoki. Nikachukua mti wa ufagio nikauchomeka pale alipoangukia, kwa mkono mmoja, bila ya nguvu. Ulizama mpaka ukanifika kwenye ngumi. Hapo ndipo panapotakiwa kupokea honda na mtu wake vinavyoshuka kutoka hewani!

Mjumbe mmoja akaniambia, mbele ya watu, "Hata Ulaya viwanja vinatengenezwa wakati wa baridi na mvua." Ni kweli, kaka. Msimu wao unakwisha Novemba na kuanza Machi, hawana nafasi nyengine. Lakini hukusoma mpaka mwisho. Agosti 2018, pale Silverstone, Uingereza, mashindano ya dunia ya pikipiki, MotoGP, yalifutwa siku yenyewe, watu wameshajaa majukwaani, bila ya mbio hata moja kuanza. Kiwanja kilikuwa kimetandikwa lami mpya mapema mwaka huo huo. Mvua ilipopiga, maji yakatuama juu ya lami badala ya kukimbilia pembeni. Jana yake, kwenye mazoezi, mpanda pikipiki mmoja, Tito Rabat, alianguka kona ya Stowe kwa ajili ya maji hayo, na akiwa bado pale kwenye changarawe akapigwa na pikipiki ya mwenzake iliyoteleza pale pale. Paja likavunjika, na mifupa yote miwili ya muundi. Mwaka uliofuata ikabidi lami itandikwe upya. Wale wana pesa, wana wahandisi, na maji yaliwashinda. Lakini walipoona kiwanja hakifai, walifuta. Hawakubandika tangazo la kumwambia mtu aje na kofia yake.

Au tuwatazame watu wa kisiwa wenzetu, kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Mbio zao za pikipiki, zinazoitwa TT, zimeanza 1907, na mzunguko wanaokimbia leo ni kilomita 60 na kidogo, kwenye barabara za kawaida za vijijini na mlimani. Ukungu ukishuka mlimani, helikopta ya kubeba majeruhi haiwezi kuruka, basi mbio zinasimama. Watu wametoka dunia nzima, wamelipa nauli na hoteli, na bado wanaambiwa wasubiri. Sie tunashindwa kusubiri Julai?

Maana hilo ndilo ninalolitaka. Kifungwe. Masika yapite, kusi ishike, ardhi ikauke yenyewe. Kisha kinamo kikwanguliwe kwenye sakafu yote mpaka jiwe lionekane na matundu yafunguke, mtaro uchimbwe kuzunguka vilima, na udongo ule ule, ukishakauka kiasi, urudishwe kwenye vilima tu, tabaka la kiganja kimoja kimoja, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jengine kuwekwa. Majembe tunayo. Nitakuja mie na vijana wa karakana, hatutaki malipo. Na hesabu ya pesa isomwe mbele ya wanachama wote: matipa mangapi, rola siku ngapi, nani alisaini. Pesa ya matibabu ya mdogo wangu siidai hapa, hilo nitalizungumza na wazee. Hapa nazungumzia wale ishirini na wengine watakaokuja Jumamosi, na wengine wao wana miaka kumi na sita.

NYONGEZA, saa nne za usiku: Nimepigiwa simu na mtu wa kamati, ananisihi niufute uzi kwa sababu "unavunja umoja". Nimemuuliza swali moja: mwanao atakuwepo Jumamosi? Akasema mwanawe ana mtihani. Nimemuuliza tena: asingekuwa na mtihani ungemleta? Simu ikakatika. Siufuti.

Wanaosema nimetia chumvi, nendeni kesho mkatazame wenyewe, geti halina kufuli. Ule mti wa ufagio nimeuacha pale pale nyuma ya kilima cha pili, nimeufunga kitambaa chekundu juu, na kila mvua inaponyesha unashuka kidogo. Kamati, msiung'oe.