Tupeane uzoefu: kubadili visu vya plena ndogo na kuviweka levo moja

mtiki_na_mninga:
Wadau wa mbao habari zenu. Tukusanye hapa uzoefu wa kubadili visu kwenye hizi plena (mashine za kuranda mbao) ndogo za mezani za inchi 12 na 13, maana kufungua bolti kila mtu anaelekezwa ila utajuaje visu vimekaa sawa hakuna anayesema. Naanza mimi. Ninayo Makita 2012NB, visu viwili, kila kimoja kina makali pande mbili kwahiyo upande mmoja ukifa unageuza. Nachomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu, navaa glavu nzito ndio nafungua. Ninachokiheshimu kuliko vyote ni usafi, utomvu wa paina na vumbi la maranda vikibaki chini ya kisu kinanyanyuka upande huo na kwa macho huoni kitu. Nasugua na mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo mpaka chuma king'ae, naacha ikauke kabisa ndio napachika.

Levo ina umuhimu gani? Piga hesabu. Ngoma ya visu (silinda inayoshika visu) inazunguka mara 8,500 kwa dakika na mbao inaingia mita 8.5 kwa dakika, yaani kila mzunguko mbao imesogea milimita 1. Visu vyote vikigusa, mkato na mkato wanaachana nusu milimita. Kimoja kikikaa chini anafanya kazi mwenzake peke yake, unapata mawimbi ya milimita nzima na ukishapaka vanishi ndio yanaonekana vizuri.

gerezani_chuma:
Mkuu hiyo yako inajipanga yenyewe kwa kiasi kikubwa. Mimi natumia ya mtumba, mtindo wa zamani, kisu kinakaa kwenye mfereji wa ngoma, chini kuna springi, kinabanwa na kipande cha chuma chenye bolti. Hii ndio inataka roho ya subira kwasababu kisu kinahama wakati unakaza, unakiacha sawa ukimaliza bolti ya mwisho kimeshapanda. Dawa yake bolti zote zishike kwa kidole kwanza, halafu unakaza kidogo ya katikati, unaenda kulia, kushoto, unarudi tena katikati, hivyo hivyo kidogo kidogo na kila raundi unapima. Na kipimo kianzie kwenye mwili wa ngoma yenyewe, sio kwenye meza. Natumia geji ya mshale (saa ya kupimia tofauti ndogo za urefu), nasoma kushoto, katikati, kulia, tofauti ikipita 0.05 mm nalegeza naanza upya hata kama mteja amekaa nje.

seremala_mpya:
Asante sana wakuu, mimi mbao inatoka nene upande wa kulia, ninunue visu?

gerezani_chuma:
Hapana usinunue kwanza. Pima visu kutoka kwenye ngoma kama nilivyosema, kushoto na kulia vikisoma sawa basi visu havina kosa, kichwa (sehemu inayobeba ngoma) na meza ndio haviko sambamba. Plena nyingi kichwa kinapanda kwa skrubu zilizounganishwa na mnyororo, mnyororo ukiruka jino moja upande unashuka. Rekebisha hapo.

mbao_nakuru:
Hamjambo. Sisi huku tunaranda sana mbao za paleti na adui ni msumari. Mimi hupitisha sumaku ubao wote pande mbili, kisha brashi ya waya kutoa mchanga, maana mchanga huua makali haraka kuliko mbao yenyewe. Kisu kikipata pengo huacha mstari ulioinuka kwa kila ubao. Kama mashine yako inaruhusu, sogeza kisu kimoja kidogo tu kando ili mapengo yasifuatane, kile kingine kitafuta huo mstari na utapata kazi kitambo kabla ya kununua vingine.

Kwa wale wenye visu vya kunolewa, peleka vyote pamoja, usinoe kimoja. Na vikirudi viweke kwa mizani ya jikoni, vikitofautiana uzito ngoma itatetemeka na bearing zitaumia. Grainda ya mkono usikubali, haiwezi kutoa mstari ulionyooka.

mtiki_na_mninga:
Hiyo ya mizani naichukua leo leo. Naongezea, baada ya ubao wa kwanza nachomoa tena plagi nakagua kila bolti, halafu naupima unene ule ubao na venia (kipimo cha taya mbili) pande zote mbili ndio naingiza mbao ya mteja. Mwenye ya visu vitatu aje atueleze, hasa anavyopima kile cha tatu.