Jumuiya za mtaani zinafufua kanisa kweli?

mkazi_wa_Kireka: Jamani, Jumapili kanisa linajaa ila jirani wa ukuta mmoja hatujuani, padri anatuhimiza turudi jumuiya ndogo ndogo, nyie zinawasaidia ama ni michango tu?

boda_Jinja: Michango ipo ndugu, usidanganyike 😂 ila mke wangu alipojifungua, akina mama wa jumuiya walileta matoke na sabuni kabla hata shemeji zangu hawajapiga simu.

mzee_Gulu: Kijana, si jambo jipya, maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walilisisitiza tangu miaka ya 1970, na Walokole wa Kianglikana wanakutana hivyo tangu miaka ya 1930. Kwetu tunasoma Injili kwa zamu, mkekani, halafu tunaulizana nani anaumwa.

mkazi_wa_Kireka: Haya mzee, Alhamisi naenda, ila nikiona bahasha mlangoni narudi zangu.