Je, yurta inaweza kufaa kwa kambi ya warina asali Sikonge?

Mrina_Asali_Sikonge

Ndugu wanajukwaa, natanguliza salamu. Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Kila kiangazi kikundi chetu cha watu saba huingia katika msitu wa miombo kwa majuma kadhaa kukagua mizinga na kurina, na tukimaliza upande mmoja tunahamia mwingine. Malazi yetu huko ni vibanda vya fito na nyasi ambavyo hulazimika kujengwa upya kila msimu, kwa sababu tukirudi tunakuta mchwa wamekwisha kula nguzo na kilichobaki ni maganda ya udongo yaliyosimama kama fito. Tuliwahi kununua hema la turubai kwa muuzaji mmoja mjini. Zipu yake iliharibika juma la kwanza, na mchana joto lilikuwa kali humo ndani hata masega tuliyoyahifadhi yakalainika na kulaliana.

Hivi karibuni nimeona picha za nyumba za duara za wafugaji wa Mongolia, Kazakhstan na Kirgizia, ambazo hukunjwa na kupakiwa juu ya ngamia. Naomba kuelimishwa. Nyumba hiyo inasimamaje bila nguzo kuchimbiwa ardhini? Je, tunaweza kuitengeneza kwa miti yetu, na je, itavumilia jua la Tabora? Ningependa pia kujua mila zake, maana sioni vema kuiga nyumba ya watu bila kujua wenyewe wanaiheshimu vipi.

Aliyesoma_Almaty

Ndugu Mrina Asali, salamu zimefika. Nilisoma Almaty, Kazakhstan, kabla ya kurejea nyumbani Kigoma, na mara mbili familia ya rafiki yangu ilinialika malishoni wakati wa kiangazi chao. Nitaeleza kwanza yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Neno "yurta" limetufikia kupitia Kirusi, na asili yake ni lugha za Kituruki ambako lina maana ya makazi au nchi ya watu. Wakazakhi wenyewe husema kiiz üy, yaani nyumba ya felti, na Wamongolia husema ger. Felti ni sufu ya kondoo iliyopigwa, ikalowanishwa, ikaviringishwa na kukandamizwa mpaka nyuzi zikashikana zenyewe bila kufumwa.

Siku tuliyoisimamisha, tulianza na fremu ya mlango na kuta. Ukuta ni fito nyembamba zilizopishana kama kimia, na kila zinapokutana zimetobolewa na kushikwa kwa kijikanda cha ngozi mbichi chenye fundo huku na huku. Ngozi ikikauka hubana, lakini fito bado zinaweza kuzunguka, kwa hiyo ukuta mzima hufunguka na kukunjika kama lile geti la chuma la kukunja ambalo tumelizoea mbele ya maduka. Kuta zilipokwisha kuungana, mwanamume mmoja aliingia katikati na mti mrefu wenye panda, akainua duara la juu liitwalo shanyrak, akalishikilia hewani huku sisi wengine tukichomeka makombamoyo, yaani fito za paa, ncha ya juu katika tundu la duara na ncha ya chini ikifungwa kwenye panda za ukuta. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uzito. Kombamoyo la mwisho lilipoingia aliachia ule mti, na duara halikushuka hata kidogo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Uzito wa paa husukuma kuta zitanuke kwenda nje, lakini juu ya kuta umezungushwa mkanda mpana uliofumwa ambao hauziruhusu, kama pete ya chuma inavyozishika mbao za pipa. Paa linasukuma, mkanda unavuta, na nyumba inasimama juu ya ardhi bila shimo hata moja. Upepo ukizidi, hufungwa kamba kutoka kwenye duara la juu na kuning'inizwa jiwe zito katikati ya nyumba, ili paa lisinyanyuke.

Kuna tofauti unayopaswa kuijua kabla hujachagua. Makombamoyo ya Mongolia ni ya kunyooka, na duara la juu kwa kawaida hushikiliwa na nguzo mbili. Ya Kazakhstan na Kirgizia yamepindwa upande wa chini, hivyo paa huwa la mviringo zaidi na katikati hapana nguzo. Kwako wewe ninapendekeza ya kunyooka, kwa sababu kupinda mamia ya fito kwa mvuke ni kazi ya watu waliorithi ufundi huo.

Kuhusu mila, wewe umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi, nami nimefurahi. Kukanyaga kizingiti ni kukosa adabu. Katika ger ya Mongolia mlango huelekea kusini, mahali pa heshima ni upande wa ndani unaokabili mlango, na mtu hapiti katikati ya zile nguzo mbili. Kwa Wakazakhi, shanyrak ndiyo alama ya ukoo: mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya baba pamoja na duara lake, hata kama fito nyingine zote zimekwisha kubadilishwa. Duara hilo limo katika nembo ya taifa ya Kazakhstan, na katika bendera ya Kirgizia tangu mwaka 1992. UNESCO iliorodhesha ufundi wa ger ya Mongolia mwaka 2013 na ule wa Wakazakhi na Wakirgizi mwaka 2014.

Sasa suala la jua. Felti ni kwa ajili ya baridi inayoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, nasi hatuihitaji. Hata hivyo, Wakirgizi wana kitu kingine kinachotufaa sana. Kati ya kimia cha fito na felti huzungusha mkeka wa mabua magumu ya nyasi uitwao chiy, na siku za joto hupandisha felti kutoka chini, ukabaki mkeka peke yake unaopitisha hewa na kuzuia macho ya watu. Chukueni fremu na mkeka, na juu wekeni turubai.

Fundi_Seremala_Ujiji

Ndugu zangu, mimi ni seremala, nami nimeyasoma maelezo haya huku nikichora. Naomba kuongeza mambo ya ufundi.

Ukuta wa aina hii ukiuvuta upana, kimo chake hupungua, na ukiubana hupanda. Tuseme nyumba ina kipenyo cha mita 4, duara la juu lina mita 1, na makombamoyo yana mita 1.8. Ukuta utahitaji kuzunguka mita 12.6, ukitoa upana wa mlango, na paa litapanda kama mita 1 kutoka kwenye ukuta. Mvua ikikaribia, bana ukuta mpaka kipenyo kifike mita 3.6 na kaza mkanda: fito ni zilezile, lakini paa sasa litapanda karibu sentimita 125 na maji yatateremka haraka zaidi. Sijui hema la kununua linaloweza kufanya hivyo.

Kwa fito ningetumia mianzi iliyokomaa, ikakatwa kiangazi na kulowekwa mtoni kwa majuma kadhaa ili bungua wasiipende. Mninga uacheni, ni mzito mno kwa kitu cha kubebwa. Ngozi mbichi nayo msiitumie. Mvua itailainisha, na huko msituni fisi hataiacha. Kamba ya nailoni yenye fundo pande zote mbili itafanya kazi ileile. Simamisheni kuta juu ya mawe bapa, na nyumba ikirudi nanyi mjini mchwa hawatapata nafasi. Ila nakusihi, ndugu yangu, msipake fito oili chafu kama tunavyopaka nguzo za uzio, kwa sababu asali hunasa harufu upesi.

Mama_wa_Malagarasi

Wanangu, hamjambo. Mimi nasuka mikeka ya matete huku Uvinza. Kwa kazi hiyo mkeka uwe na kimo cha ukuta na usukwe vipande vitatu au vinne, kwa sababu kipande kimoja cha mita 12 hakibebeki na kikichanika kimeharibika chote. Matete yavunwe yakiwa yamekomaa, yakaushwe kivulini. Nina hofu moja tu: matete makavu na moto. Hao wenzetu wanakoka moto ndani?

Aliyesoma_Almaty

Shikamoo, mama. Ndiyo, moto au jiko hukaa katikati kabisa, na moshi hutokea kwenye duara la juu, ambalo lina kifuniko kinachovutwa kwa kamba. Kwao baridi haiwaachii hiari. Kwa warina asali ningeshauri moto ubaki nje.

Mrina_Asali_Sikonge

Shikamoo, mama, na ahsanteni sana ndugu zangu. Moto wetu hukaa nje siku zote. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na tumekubaliana tutengeneze moja ya mita 4 kabla ya msimu ujao. Tatizo lililobaki ni kwamba sisi hatuna ngamia, tuna baiskeli. Fito zitafungwa pembeni na mikeka itaviringishwa, lakini duara la mita 1 litapitaje katika njia nyembamba za msituni?

Aliyesoma_Almaty

Wamongolia wana aina ya duara linalogawanyika katika nusu mbili, ambalo hupakiwa nusu upande huu wa ngamia na nusu upande wa pili.

Fundi_Seremala_Ujiji

Basi lifanywe hivyo. Nusu mbili, ziunganishwe kwa boliti nne zenye nati za masikio ili msihitaji spana huko porini, na kila nusu ipakiwe kwenye baiskeli yake.