Naomba ushauri: nawezaje kupunguza uzito bila kujichukia?

Habari zenu ndugu zangu. Nina miezi 5 tangu nianze kupunguza uzito, na kilo 6 zimeshatoka. Mwili unaitikia. Kinachonishinda ni maneno ninayojiambia mwenyewe.

Nikila kupita kiasi usiku mmoja tu, kesho yake najisema kutwa nzima: mvivu, huna msimamo, utabaki hivyohivyo. Kisha kwa hasira najinyima chakula mpaka jioni, njaa inanizidi nguvu, nakula kuliko jana. Nimeyarudia hayo mara nyingi mno. Mdogo wangu nisingethubutu kumwambia maneno kama hayo hata siku moja, sasa kwa nini najiambia mimi?

Mizani nayo inaniumiza. Najua uzito unaweza kupanda kilo 1 au hata 2 kwa siku kwa sababu ya maji tu, hasa ukila chumvi nyingi au ukikaribia hedhi, wala si mafuta. Najua kabisa, lakini nikiona namba imepanda asubuhi, siku nzima nakosa raha. (Sasa najipima mara moja kwa wiki, imesaidia kidogo.)

Ninachoogopa ni kwamba nikianza kujihurumia nitalegea na kilo zote zitarudi. Mliopitia hali hii, mlijifunzaje kujisamehe bila kuacha juhudi? Mnajiambia nini asubuhi baada ya kuteleza? Naomba mnijibu kwa upole, jambo hili linanigusa sana.