ETBE (kiongezeo cha petroli) kutoka ethanoli ya zabibu: kichocheo kimechoka mapema

Zabibu_Dom: Wakuu, tuko Dodoma. Tunalisha ethanoli ya mashudu ya zabibu (95%) na gesi ya isobutini kwenye mnara mmoja wa kukeneka wenye kichocheo ndani, rezini ya asidi ya Amberlyst 15. Chini inatoka alkoholi ya tert-butili nyingi, na ETBE inapungua kila wiki. Kosa liko wapi?

Mkenekaji: Hiyo 5% ni maji, mkuu. Maji hugombea isobutini na kutoa hiyo alkoholi. Kukeneka tu hakuvuki 95.6%, pitisha kwenye zeolaiti ya 3A (madini yanayonasa maji). Rezini mliiosha kwa maji gani? Ya kisima yana sodiamu na kalsiamu, zinazokaa mahali pa asidi. Hapo ndipo inapochoka.

Rezini_na_Joto: Naongeza: weka rezini katikati ya mnara, 60–80°C. Ikipita 120°C inapoteza vikundi vya salfoniki, yaani asidi yake. Ethanoli izidi kidogo, 5% hivi, la sivyo isobutini zitaungana zenyewe.

Mkenekaji: Na geji yenu ya presha inasoma juu ya presha ya hewa ya nje, ambayo Dodoma ni kama bar 0.89, hivyo joto la kuchemka linashuka. Msinakili mipangilio ya pwani.

Zabibu_Dom: Tuliosha na ya kisima. Iliyochoka inafufuka?

Rezini_na_Joto: Ya chumvi, ndiyo: asidi ya salfuriki 5%, kisha maji yaliyokenekwa, kisha ethanoli kavu. Iliyoungua, tupa.