Mshiriki anagawa kanisa, baraza linataka kumfuta

Mzee_wa_Zamu: Wapendwa, salaam. Kwetu (Wasabato) mshiriki mmoja amefungua kundi la WhatsApp, anadai fedha za ujenzi zimeliwa na mchungaji anajua. Nusu ya kwaya iko naye. Baraza la kanisa linataka kumfuta ushirika Sabato ijayo. Inakubalika?

Karani_Mstaafu: Hapana, mzee wangu. Baraza linapendekeza tu, kura ni ya kanisa katika mkutano ulioitishwa kihalali. Mhusika apewe taarifa walau wiki 2 kabla: sababu, tarehe na mahali, na aruhusiwe kujitetea. Msikimbilie kufuta. Lipo karipio, mwezi 1 hadi 12: anapoteza vyeo, hana sauti wala kura, lakini anaendelea kuabudu na kushiriki Meza ya Bwana. Akifutwa, kwa kawaida harudi ila kwa kubatizwa upya, na wengi hawarudi kabisa.

MamaShemasi: Kabla ya hayo yote, fedha! Kuuliza hesabu si fitina, hata anayeuliza akiwa na mdomo mchafu. Mhazini aweke mezani stakabadhi na taarifa ya benki, kisha mwombe konferensi (ofisi inayosimamia makanisa ya eneo lenu) ilete mkaguzi. Mkimwadhibu hesabu zikiwa kabatini, nusu ile ya kwaya itakuwa kwaya nzima.

Kosa lake, kama lipo, ni kukusanya kundi na kueneza asichoweza kuthibitisha. Onyo liseme hilo tu. Aendewe na mtu mmoja, kisha wawili au watatu (Mathayo 18), tarehe na maneno yaandikwe. Tito 3:10 inataja maonyo mawili. Na asitajwe mimbarani kabla ya hapo, maana huruma yote itahamia kwake.

Mzee_wa_Zamu: Ahsante, mama. Mchungaji ndiye angeongoza mkutano huo.

Karani_Mstaafu: Asiongoze, ni mtuhumiwa. Ombeni konferensi itume mchungaji mwingine. Tuhuma dhidi yake zipelekwe huko pia kwa maandishi, maana ndiyo mwajiri wake, nanyi hamna mamlaka ya kumsafisha wala kumwondoa. Kumbuka 1 Timotheo 5:19, mashahidi wawili au watatu.

MamaShemasi: Na kwaya msiivunje. Kuwamo kwenye kundi la WhatsApp si kosa. Ongeeni na kila mmoja peke yake, wengi wanataka kuona hesabu tu.